Matumizi ya Vidhibiti Ukuaji katika Kilimo cha Kranberi: Matunda ya Msimu Huu na Gharama ya Msimu Ujao

Utangulizi

Vidhibiti ukuaji ni kemikali ambazo, kwa kiasi kidogo mno, hubadilisha namna mmea unavyogawa nguvu zake baina ya majani, mizizi, maua na matunda. Tofauti na mbolea, havilishi mmea; na tofauti na viuatilifu, havikusudiwi kuua wadudu wala kuvu. Kazi yake ni kuiga, kuongeza au kuzuia homoni ambazo mmea wenyewe huzitengeneza. Kilimo cha matunda kimevitumia kwa zaidi ya nusu karne: mkulima wa zabibu zisizo na mbegu hunyunyizia asidi ya jibereliki ili punje zinenepe, na mkulima wa mananasi hutumia ethefoni ili shamba zima lichanue kwa wakati mmoja na kuvunwa kwa mkupuo. Mafanikio ya aina hiyo yalizaa matarajio kwamba zao lolote la matunda linaweza kuongezewa mavuno kwa njia hii. Kranberi ni miongoni mwa mazao yaliyoyapa matarajio hayo mtihani mgumu.

Kranberi, ambayo jina lake la kisayansi ni Vaccinium macrocarpon, ni mmea mdogo utambaao, jamaa ya bluberi, wenye asili ya ardhi za kinamasi za Amerika Kaskazini. Tunda lake ni jekundu, dogo kuliko zabibu kubwa, na lina uchachu mkali. Kilimo chake kilianza mnamo 1816 katika mji wa Dennis, Massachusetts, pale Henry Hall alipogundua kuwa mimea iliyofunikwa na mchanga uliopeperushwa na upepo ilistawi kuliko ile isiyofunikwa. Leo hulimwa hasa katika majimbo ya Wisconsin, Massachusetts, New Jersey, Oregon na Washington nchini Marekani, katika Quebec na British Columbia nchini Kanada, na kwa kiasi fulani nchini Chile. Wisconsin pekee hutoa zaidi ya nusu ya zao lote la Marekani.

Makala haya yanaeleza jinsi vidhibiti ukuaji vinavyofanya kazi katika mmea huo na kwa nini baadhi yake, licha ya kutoa matokeo ya kuvutia katika majaribio ya msimu mmoja, havijawa sehemu ya kawaida ya kilimo chake. Hoja inayojengwa ni kwamba kikwazo kikuu si udhaifu wa kemikali. Kikwazo kimo katika umbile la mmea: kitawi kinachobeba matunda ya mwaka huu ndicho hichohicho kinachotakiwa kuunda tumba la maua ya mwaka ujao, na vyote viwili vinakula kutoka katika akiba moja ya sukari.

Mmea na mwaka wake

Shamba la kranberi ni jaruba lililosawazishwa na kuzungushiwa tuta, ili liweze kujazwa maji na kukaushwa kwa matakwa ya mkulima. Ndani yake mmea hutoa matawi ya aina mbili. Matawi tambazi hurefuka juu ya ardhi na kutawala eneo. Kutoka kwayo huchipuka vitawi wima, vifupi, ambavyo ndivyo vyenye kuzaa. Majani hayapukutiki wakati wa baridi bali hugeuka rangi ya hudhurungi na kubaki mmeani, mara nyingi chini ya barafu ya maji ambayo mkulima ameyafungulia kwa makusudi ili kuukinga mmea na upepo mkavu wa majira hayo.

Tumba lililo kwenye kilele cha kitawi wima ni tumba la mchanganyiko, yaani hubeba ndani yake maua pamoja na chipukizi la majani. Majira ya kuchipua yanapofika, tumba hilo hufunguka, maua machache hujitokeza upande wa chini, na kitawi huendelea kurefuka juu ya maua hayo kikitoa majani mapya. Maua huchanua kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai. Hutegemea nyuki, wa kufugwa na wa mwituni, kwa uchavushaji. Matunda huvunwa kati ya Septemba na Novemba.

Mambo mawili katika mpangilio huu yana uzito kwa mada inayojadiliwa. La kwanza ni kwamba si kila ua huwa tunda. Kwa kawaida takriban theluthi moja tu ya maua, au zaidi kidogo, ndiyo hutunga matunda. Maua ya chini, ambayo hutangulia kuchanua, hufanikiwa zaidi. Ya juu mara nyingi hunyauka na kuanguka hata yakiwa yamechavushwa vizuri. Lakini maua ya chini yakiondolewa kwa mkono, yale ya juu, ambayo yangeonekana kuwa tasa, huanza kutunga. Hayakuwa na kasoro. Yalikosa nafasi tu.

La pili ni kwamba tumba la mwaka unaofuata huanza kuundwa Julai na Agosti, wakati uleule ambapo matunda machanga yanadai chakula kwa wingi. Tafiti za Chuo Kikuu cha Wisconsin katika miaka ya 1990 zilionyesha kuwa akiba ya kabohaidreti katika kitawi hushuka sana wakati wa kuchanua na kutunga matunda, na kwamba majani mapya yaliyo juu ya matunda ndiyo chanzo kikuu cha sukari inayoyakuza: majani hayo yakiondolewa mapema, idadi ya matunda hupungua. Matokeo yake ni tabia ambayo wakulima waliijua zamani kabla haijapewa maelezo ya kifiziolojia. Kitawi kilichozaa mwaka huu mara nyingi hupumzika mwaka unaofuata. Kiwango cha kupumzika hutofautiana kwa aina na kwa eneo, lakini hakuna aina iliyosalimika kabisa.

Asidi ya jibereliki na kishawishi cha idadi

Jiberelini zilijulikana kwanza kupitia ugonjwa wa mpunga. Mwaka 1926 mtafiti wa Kijapani Eiichi Kurosawa alionyesha kuwa umajimaji uliotokana na kuvu fulani uliweza kuirefusha miche ya mpunga kupita kiasi hata bila kuvu yenyewe kuwapo, na mwaka 1935 Teijiro Yabuta akakipa kiini hicho jina. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, asidi ya jibereliki ilianza kutengenezwa kwa wingi na kujaribiwa karibu katika kila zao. Kranberi haikuachwa. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Massachusetts waliinyunyizia kwenye aina ya Early Black wakati wa kuchanua, na jambo la kwanza lililoonekana lilikuwa la kutia moyo: maua mengi zaidi yalitunga matunda.

Maelezo yake si magumu. Katika uzazi wa kawaida, mbegu changa baada ya kutungishwa huanza kutoa homoni, zikiwemo jiberelini na oksini, ambazo huiamuru ovari ikue na kuelekeza sukari upande wake. Ua lisilo na mbegu za kutosha hukosa sauti katika mashindano hayo na huangushwa. Asidi ya jibereliki inayotoka nje huchukua nafasi ya sauti hiyo. Ovari hubaki mmeani na kuanza kukua hata kama mbegu ni chache au hazipo kabisa, jambo ambalo wanabotania huliita uzazi bikira wa tunda.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Amri ya kukua imetolewa, lakini sukari haijaongezeka. Katika kranberi ukubwa wa tunda huambatana na idadi ya mbegu zake. Tunda lenye mbegu nyingi huvuta chakula kwa nguvu katika kipindi chote cha ukuaji, ilhali lile lililobakizwa kwa dawa huvuta kwa muda mfupi kisha hudumaa. Kwa hiyo ongezeko la idadi lilifuatana na kupungua kwa uzito wa kila tunda. Tunda dogo mno hudondoka wakati wa uvunaji, hupita kwenye vyekecheo, au hushushwa daraja kiwandani. Idadi iliyopatikana kwenye kitawi haikufika yote kwenye pipa.

Athari ya pili ni ya umbo. Jiberelini hurefusha seli za shina, na vitawi wima vilivyonyunyiziwa hurefuka kuliko kawaida. Jaruba lenye vitawi virefu hufunga kivuli. Hewa haipiti vizuri, unyevu hukaa, na magonjwa ya kuoza kwa matunda hupata mazingira mazuri. Mkulima wa kranberi tayari anaifahamu hali hiyo kwa njia nyingine, kwani naitrojeni ikizidi huleta matokeo yaleyale: matambazi yanayopanda juu ya vitawi, kijani kinachopendeza macho, na matunda machache yaliyofichika chini.

Athari ya tatu ndiyo nzito zaidi. Katika mimea mingi ya miti ya matunda, jiberelini huzuia kuundwa kwa matumba ya maua. Katika tufaha jambo hili limechunguzwa kwa kina, na hata mbegu za tunda lenyewe hushukiwa kuwa chanzo cha jiberelini zinazozuia tumba la jirani. Kranberi hufuata mkondo huohuo. Dawa inayonyunyiziwa mwanzoni mwa Julai ili kuokoa maua ya mwaka huu hufika kwenye kilele cha kitawi katika majuma ambayo kilele hicho kinaamua kama kitakuwa tumba la maua au la majani matupu.

Hesabu ya misimu miwili

Uzito wa athari hiyo ya tatu hauonekani katika jaribio la msimu mmoja, na hili linastahili kuonyeshwa kwa hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, zilizochaguliwa ili kurahisisha ukokotoaji. Hazikutoka katika shamba lolote.

Tuchukulie vitawi 100 vyenye maua, kila kimoja kikiwa na maua manne. Bila dawa, asilimia 35 ya maua hutunga, yaani matunda 140. Kila tunda likiwa na gramu 1.5, mavuno ni gramu 210. Kwa dawa, asilimia 60 hutunga, yaani matunda 240. Lakini uzito wa kila tunda umeshuka hadi gramu 0.9, hivyo mavuno ni gramu 216. Mtafiti anayehesabu matunda peke yake ataandika kwamba dawa imeongeza utungaji kwa zaidi ya asilimia 70, na atakuwa amesema kweli. Mtafiti anayepima uzito ataandika kwamba tofauti haifiki asilimia 3.

Mwaka wa pili, vitawi ambavyo havikunyunyiziwa vinachanua tena kwa nusu: vitawi 50, ambavyo kwa viwango vilevile vya kawaida hutoa gramu 105. Kati ya vile vilivyonyunyiziwa, tuseme 30 tu ndivyo vinavyochanua, na mwaka huu havinyunyiziwi. Navyo hutoa gramu 63. Jumla ya miaka miwili ni gramu 315 bila dawa na gramu 279 kwa dawa. Mkulima amelipia dawa, amelipia mafuta ya mashine ya kunyunyizia, na amevuna pungufu.

Tarakimu zikibadilishwa, jibu nalo hubadilika, na inawezekana kupanga viwango ambavyo dawa ingeleta faida. Kinachobaki palepale ni muundo wa hesabu. Mavuno ya kranberi ni zao la kuzidisha vipengele kadhaa: idadi ya vitawi katika eneo, sehemu yake yenye maua, idadi ya maua kwa kitawi, kiwango cha utungaji, na uzito wa tunda. Kidhibiti kinachopandisha kipengele kimoja huweza kushusha viwili vingine, na kimojawapo kushuka katika mwaka ambao mtafiti ameshafunga daftari.

Inafaa kuongeza kwamba wakulima wana kidhibiti chao cha kale ambacho hakiuzwi katika chupa. Kila baada ya miaka michache mchanga hutandazwa juu ya barafu ya jaruba; barafu ikiyeyuka, mchanga hushuka na kuyafukia matambazi, nayo huotesha mizizi mipya na vitawi wima vipya. Tendo hilo, ambalo asili yake ni ule mchanga wa Dennis, hubadilisha uwiano wa homoni ndani ya mmea pasipo kunyunyizia homoni yoyote, na huongeza idadi ya vitawi, yaani kipengele cha kwanza cha hesabu iliyotangulia, ambacho hakiugusi mkopo wa sukari wa kitawi kimoja kimoja. Huenda ndiyo sababu mchanga umedumu karne mbili.

Kuhusu oksini na sitokinini kama viongeza utungaji, maelezo mafupi yanatosha, kwa kuwa hoja ya sukari inavihusu pia. Kinetini, iliyotangazwa mwaka 1955 na Miller, Skoog na wenzao, ilitambuliwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, katika jimbo ambalo baadaye lingeongoza kwa kranberi. Ujirani huo wa maabara na majaruba haukuzaa dawa ya kuongeza mavuno.

Ethefoni na wekundu wa tunda

Hali ni tofauti pale lengo linapokuwa rangi. Kranberi hulipwa kwa uzito, lakini wasindikaji wengi huongeza malipo kwa wekundu, kwa sababu maji ya kranberi yanauzwa kwa macho kabla ya kuuzwa kwa ulimi. Wekundu huo hutokana na anthosianini zilizo kwenye ganda la nje. Nyama ya ndani ni nyeupe. Anthosianini huongezeka tunda linapokomaa, hasa kwa mwanga na usiku wenye baridi. Mkulima anayevuna mapema hupata tunda hafifu kwa rangi. Anayesubiri hukabiliwa na baridi kali, kuoza, na foleni ya kiwandani.

Ethefoni ni kemikali inayobaki imara ikiwa katika hali ya uchachu mkali, lakini ikiingia ndani ya tishu za mmea, ambako uchachu ni mdogo, huvunjika na kuachia gesi ya ethilini. Ethilini ni homoni inayohusika na kuiva na kuzeeka kwa tishu. Majaribio yaliyofanywa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea yalionyesha kuwa kranberi iliyonyunyiziwa ethefoni majuma machache kabla ya mavuno huweza kuwa na anthosianini nyingi kuliko isiyonyunyiziwa. Katika miaka hiyohiyo ilionekana, kwa mshangao wa kiasi, kwamba hata malathioni, dawa ya kuua wadudu, iliongeza rangi ya tunda, jambo linaloashiria kuwa baadhi ya wekundu ni mwitikio wa mmea kwa usumbufu.

Sababu ya ethefoni kufanikiwa mahali ambapo asidi ya jibereliki ilikwama inaelezeka kwa hoja ileile ya akiba. Anthosianini hudai sukari kidogo sana ikilinganishwa na kukuza tunda zima. Aidha, dawa hutiwa mwishoni mwa msimu, wakati tumba la mwaka ujao limekwisha kuundwa. Kidhibiti hakiombi mkopo mkubwa, na kinaomba baada ya hesabu kuu kufungwa.

Hata hivyo matokeo yake si ya kutegemewa kila mwaka. Matunda mengi hukaa chini ya majani, na dawa isiyoyafikia haiyabadilishi. Halijoto huathiri kasi ya kuvunjika kwa ethefoni. Isitoshe, upo mtego wa kipimo ambao msomaji wa ripoti za aina hii anapaswa kuuchunguza. Rangi hupimwa kwa miligramu za anthosianini katika gramu 100 za matunda. Kwa kuwa rangi imo kwenye ganda, na tunda dogo lina ganda kubwa kulingana na ujazo wake, matunda madogo huonyesha wekundu mwingi kwa gramu hata bila dawa. Tiba yoyote inayopunguza ukubwa wa tunda itaonekana kuongeza rangi. Ripoti isiyotaja uzito wa wastani wa tunda kando ya kiwango cha rangi haitoshi kuthibitisha dai lake.

Masalia, mlangamia na kumbukumbu ya mwaka 1959

Kuna upande mwingine wa matumizi ya vidhibiti ambao hauna uhusiano na mavuno ya moja kwa moja. Baadhi ya viuagugu ni oksini za kiwandani: kwa kipimo kikubwa, amri ya kukua hugeuka kuwa amri ya kufa. Katika majaruba ya kranberi dawa ya 2,4-D hutumika kwa namna hiyo, ikipakwa kwenye magugu marefu yanayochomoza juu ya zao. Kwinkloraki, nayo ya kundi la oksini, ilipokelewa kwa matumaini kwa sababu ya uwezo wake dhidi ya mlangamia, gugu la nyuzinyuzi za manjano lisilo na mizizi ardhini, ambalo hujisokota kwenye vitawi na kuvinyonya. Lakini wasindikaji wamewahi kuwazuia wakulima kuitumia, ilhali sheria za Marekani ziliiruhusu, kwa hofu kwamba matunda yangekataliwa katika masoko ya nje yenye mipaka mikali ya masalia. Kwa zao ambalo sehemu yake kubwa husafirishwa nje, ruhusa ya nyumbani peke yake haitoshi.

Tahadhari hiyo ina historia. Tarehe 9 Novemba 1959, majuma machache kabla ya Sikukuu ya Shukrani, Waziri wa Afya, Elimu na Ustawi wa Marekani, Arthur Flemming, alitangaza kuwa sehemu ya kranberi za Washington na Oregon ilikuwa na masalia ya aminotriazoli, kiuagugu kilichoonekana kusababisha saratani ya tezi la shingo kwa panya. Dawa hiyo ilikuwa imeruhusiwa katika majaruba, lakini kwa kutumiwa baada ya mavuno tu. Sheria iliyopitishwa mwaka mmoja kabla, yenye kifungu maarufu kwa jina la Delaney, haikuacha nafasi ya kujadili kiasi: kiongezi kinachosababisha saratani kwa mnyama hakikuruhusiwa katika chakula hata kidogo. Mauzo yaliporomoka katika msimu ambao ndio uliokuwa tegemeo la zao zima, wakiwemo wakulima wa Massachusetts na Wisconsin ambao tangazo halikuwalenga. Wanasiasa wawili waliokuwa wakijiandaa kugombea urais, Nixon na Kennedy, walionekana hadharani huko Wisconsin, mmoja akila kranberi na mwingine akinywa maji yake. Hatimaye serikali iliwalipa wakulima fidia.

Aminotriazoli haikuwa kidhibiti ukuaji kwa maana inayotumika katika makala haya. Hata hivyo umma haukutofautisha, na hauna wajibu wa kutofautisha. Miaka thelathini baadaye, daminozaidi, ambayo ilikuwa kidhibiti ukuaji halisi kilichotumiwa kwenye tufaha ili lisidondoke mapema na lipate rangi nzuri, iliondolewa katika mazao ya chakula nchini Marekani mwaka 1989 baada ya mjadala mkali wa televisheni na magazeti kuhusu saratani. Mkulima wa tufaha aliyeitumia alikuwa ameinunua kwa ajili ya sura ya tunda. Hatari aliyoibeba ilikuwa ya soko zima.

Ulinganisho huo una uzito kwa ethefoni katika kranberi, kwa sababu nayo hununuliwa kwa ajili ya sura. Na hapa wazalishaji wa mbegu wamepunguza haja yake kwa njia tulivu. Aina ya Stevens, iliyotolewa mwaka 1950 na kuenea kuliko zote, ilipendwa kwa wingi wa mavuno kuliko kwa rangi. Aina zilizofuata, kama HyRed ya Wisconsin na Crimson Queen ya Chuo Kikuu cha Rutgers, zilichaguliwa zikiwa na wekundu wa mapema ndani ya urithi wake. Rangi ya kurithi haiachi masalia wala haihitaji kunyunyiziwa kila mwaka, ingawa kupanda upya jaruba ni gharama kubwa ambayo mkulima mdogo hawezi kuibeba kwa msimu mmoja.

Kwa upande wa wingi, hali ya soko imepunguza zaidi kishawishi cha kusaka matunda ya ziada. Uzalishaji ulizidi mahitaji kiasi kwamba kwa zao la 2018 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliidhinisha robo ya matunda izuiliwe kuingia sokoni. Dawa ya kuongeza idadi ya matunda, hata ingefanya kazi bila dosari, ingekuwa inauzwa kwa mtu aliyeamriwa kupunguza.

Masharti ya jaribio lenye kuaminika

Yaliyoelezwa hayafungi mlango wa utafiti. Vizuizi vya jiberelini, yaani vidhibiti vinavyofupisha shina badala ya kulirefusha, vina mantiki katika majaruba yaliyozidiwa na majani baada ya naitrojeni kupita kiasi, kwa kuwa vinaelekea upande uleule unaoelekea tumba la maua badala ya kulipinga. Hilo ni tarajio la kinadharia linalodai kupimwa, na kipimo chake lazima kizingatie mambo ambayo majaribio ya awali yaliyaacha pembeni.

Muda ndio wa kwanza. Jaribio la msimu mmoja katika mmea wa aina hii halijibu swali lililoulizwa. Miaka mitatu, vitawi vilevile vikiwekewa alama na kufuatiliwa, ni kiwango cha chini. Mwaka wa tatu una umuhimu wake, kwa sababu kitawi kilichonyimwa maua mwaka wa pili hupata nafasi ya kujilipa, na bila kuuhesabu mtafiti anaweza kuilaumu dawa kuliko inavyostahili.

Namna ya kunyunyizia ni suala linalopuuzwa zaidi. Wakulima wengi, hasa wa Massachusetts, hupitisha viuatilifu katika mabomba ya kumwagilia. Njia hiyo hutumia maji mengi, na mgawanyo wake hauwi sawa kutoka kichwa cha bomba hadi mpaka wa duara lake. Kwa dawa ya kuua wadudu tofauti hiyo huvumilika. Kwa kidhibiti ambacho kipimo kidogo hukuza na kikubwa hudhuru, jaruba moja huweza kuwa na matokeo matatu. Matokeo yaliyopatikana kwa pampu ya mgongoni katika kipande cha mita chache za mraba hayawezi kuhamishiwa huko bila kujaribiwa upya. Zaidi ya hayo, majaruba yameunganishwa na mabwawa na vijito kwa milango ya maji, hivyo muda wa kuyazuia maji baada ya kunyunyizia unapaswa kuwa sehemu ya jaribio tangu siku ya kwanza.

Mwisho ni nyuki. Asidi ya jibereliki hutiwa wakati mizinga imo shambani, na utungaji wa kipande kisichonyunyiziwa hutegemea jinsi nyuki walivyofanya kazi mwaka huo. Katika mwaka wa mvua na baridi, nyuki wakiwa wamejifungia mizingani, dawa inayobakiza maua yasiyo na mbegu itaonekana kuwa mkombozi. Katika mwaka wa jua haitakuwa na la kuongeza. Kwa hiyo kila jedwali la utungaji liambatane na hesabu ya mbegu ndani ya matunda, kwa kuwa mbegu ndizo zinazoonyesha ni tunda lipi lililetwa na nyuki na lipi lililetwa na pampu. Hesabu hiyo inahitaji kisu kidogo, sahani nyeupe na subira. Na ikifanywa pamoja na kuhesabu matumba ya vilele mwishoni mwa Agosti, kabla ya mavuno kuyakanyaga majaruba, humpa mtafiti dalili ya mwaka wa pili angali katika mwaka wa kwanza.